Maji Niliyoyaacha Masasi

Mwanangu Somoe,

Salamu sikuandikii, maana tumeamkiana leo asubuhi. Ulinipa shikamoo nami nikaitikia nikiwa nimegeukia ukutani. Niliitikia. Kama hukusikia, basi ni huo ukuta.

Sasa hivi ni alasiri. Wewe umekwenda Newala mjini kwa mjomba wako, mama yako yuko uani anachambua mbaazi zako za safari, na mimi nimejifungia chumbani nikasema naumwa kichwa nataka kulala. Silali, naandika. Mkono wangu unaujua, herufi ni kubwa na mistari inapanda mlima, lakini zinasomeka. Katika darasa letu la kisomo cha watu wazima hapa Kitangari, mimi ndiye niliyekuwa nasoma ubaoni bila kufuatisha kidole, na mwalimu alisema mbele ya watu kwamba ningeanza mapema ningekuwa karani. Haya si majivuno. Waliosikia wengine bado wapo, waulize.

Mambo ya kufunga mlango vizuri, kulala mapema, kutokopesha watu wasiojulikana, mama yako atakuambia na atarudia mpaka gari liondoke. Mimi nina jambo moja tu, na lenyewe limenikoroga kichwa tangu tuliporudi kutoka Masasi Jumatatu. Nikilishika huku linachomoka kule. Nitaliandika lilivyokuja, wewe uliyesoma utalipanga.

Najua hukwenda kwa mjomba wako kuaga tu. Mama yako alijisahau akasema. Umekwenda kumwomba ateremke na wewe kesho Masasi akazungumze na Mama Rehema mwenye nyumba, kabla fremu ile unayotaka kuuzia chakula haijapewa mwenye saluni. Sawa. Kwa mila zetu mjomba ndiye mwenye neno, hilo sibishani nalo. Lakini mimi niko hapa hapa nyumbani, nimekaa kwenye kiti changu, umenipita mara ngapi na kanga yako begani, hukuniomba. Nimelifikiria hilo, nimeshindwa kulielewa, halafu nimelielewa, halafu limenipotea tena.

Kwanza nataka libaki limeandikwa kwamba Masasi naijua. Naijua tangu wewe hujazaliwa. Nilikuwa nateremka na magunia ya korosho, napanda na sufuria, kanga, taa, misumari, na hakuna mtu hapa kijijini aliyenunua baiskeli bila kuja kuniuliza aende duka gani. Nilikuwa nawaelekeza nikiwa nimekaa. Kanuni yangu ilikuwa moja: shika jabali. Masasi ina majabali, na kila duka lilikuwa na upande wake. Hoteli ya pilau ililipa jabali mgongo. Duka la vitambaa lililitazama usoni. Fundi baiskeli alikuwa kivulini mwake asubuhi. Ukishalijua jabali umemaliza mji.

Sasa tulivyoshuka stendi Jumatatu, nikakuambia nifuate, nikaangalia, na jabali halikuwa mahali pake. Najua jabali halihami. Ndiyo maana nasema sielewi. Lilikuwepo jabali moja huku, lingine kule, na katikati maghorofa na mabango yenye picha za watu wanaocheka, na sikujua lipi ndilo langu. Nikachagua moja nikaenda nalo. Tukalizunguka. Ukaniambia kwa upole, "Baba, hapa tumeshapita." Nikakujibu, "Tunapita tena kwa makusudi." Hayakuwa makusudi, Somoe. Nilikuwa natafuta hoteli ya pilau.

Na njia yangu ya kuchagua duka unaijua, maana nimeihubiri humu ndani tangu ukiwa mtoto. Ukiingia mahali pageni, omba maji ya kunywa. Kiu iwepo isiwepo, omba. Sisi wa huku juu mlimani tunajua maji ni nini. Siku hizi kuna bomba, likitaka linatoka, lisipotaka linakohoa tu, lakini bibi yako aliyapandisha kichwani kutoka bondeni, na kilima kile ukikipanda bila ndoo utakaa chini njiani. Basi anayekupa maji bila kukunja uso amekupa kitu chake. Mtu huyo hawezi kukuuzia kitambaa kilichooza. Nimeishi hivyo, na sijawahi kurudi nyumbani na sufuria inayovuja.

Ndiyo sababu niliingia lile duka la nguo lenye kioo. Yale masanamu yaliyovaa magauni hayakunibabaisha, nilishayaona zamani. Aliyenibabaisha ni yule binti aliyesimama kimya kati yao, mimi nikampita nikijua ni sanamu, akasema, "Shikamoo babu." Nikaitikia nikirudi nyuma hatua moja. Nikamwomba maji ya kunywa. Akauliza, "Ya baridi au ya kawaida?" Nikasema ya kunywa. Akatoa chupa kwenye friji, akanyoosha mkono, mimi nikaushika tukapeana mkono. Kumbe anataka hela. Wewe ulikuwa umegeukia magauni, mabega yanatikisika, ukidhani sikuoni. Nilirudisha chupa. Nilisema pale mlangoni kwamba duka hili si la kununua kitu, na binti akasema, "Haya babu, karibu tena." Sasa hilo nalo nieleze. Mtu umemwambia dukani kwake hapafai, anakukaribisha tena, na anakukaribisha kwa moyo mweupe.

Njaa ikatuuma, wewe ukaniongoza kwenye hoteli ile ya mabenchi ya bluu. Nasema ukaniongoza kwa sababu ni kweli, ingawa mimi nilitangulia kuingia. Palikuwa na ndoo yenye koki na sabuni. Nikafungua kidogo, nikalowesha vidole, nikafunga, kama mtu mwenye akili. Nikamwuliza yule msichana wa hoteli, "Beseni la kukingia liko wapi?"

"La kukingia nini, babu?"

"Maji haya."

"Yanakwenda tu chini, babu."

"Chini kwa nani?"

Hapo ndipo yule mzee aliyekuwa anakunywa supu benchi la pili alipocheka mpaka akaweka kijiko mezani. "Huyu wa juu," akawaambia wenzake. "Mwacheni. Kwao ya kunawia ndiyo ya kuogea, ya kuogea ndiyo ya kufulia."

"Na ya kufulia tunawaletea nyie mpikie supu," nikamjibu.

Watu wakacheka. Akaniuliza nimetoka wapi, nikasema Kitangari, akasema yeye Lupaso. Nikamwambia, "Lupaso naijua. Mgeni akiomba maji mnamwonyesha kisima kilipo." Akacheka zaidi, akanisogezea limau lake. Tulikula vizuri pale. Mbaazi zilikuwa hazina nazi ya kutosha, za kwako ni nzito kuliko zile, na nilisema kwa sauti ili msikie wote. Hukusikia hilo? Nilikusifu mbele ya Masasi nzima.

Lakini baada ya kula ndipo mji ulipogeuka. Tulipotoka ulinishika mkono wa kanzu ukanipitisha uchochoro nisioujua, na watu wakaanza kukuita. Fundi wa kuziba sufuria, aliyekaa kwenye kigoda amezungukwa na mifuniko, akasema, "Dada Somoe, lile sufuria kubwa tayari." Yule mama wa genge mwenye bizari na dagaa akakuwekea pilipili kwenye kapu bila wewe kusema. Fundi cherehani mwenye mguu mfupi akatoka nje kunisalimia kwa mikono miwili, "Huyu ndiye Baba? Tumemsikia." Ukawa unanionyesha: hapa wanasaga karanga usiku uo huo ukitaka, hapa mkate wa asubuhi, hapa usinunue mafuta, pale pembeni yule kijana mkimya ndiye mwenye mchele usio na mawe. Nami nikawa natikisa kichwa kama mtu anayekagua. Ndani nilikuwa najiuliza, huyu ameyajua lini? Nilijua unateremka kuuza ming'oko uliyoichimba porini na kurudi. Sikujua kwamba ukishuka kule unakuwa mtu wa kule. Sikuona hata jabali moja katika njia uliyonipitisha. Ulikuwa unakwenda kwa watu. Kutoka kwa huyu mpaka kwa huyu.

Katikati ya uchochoro huo uliniuliza, "Baba, ile hoteli yako ya pilau ilikuwa wapi?" Nikakuonyesha kidole popote. Mwenye hoteli ile alinipa maji siku yangu ya kwanza kabisa mjini, nikiwa kijana mwenye vumbi mpaka kwenye kope. Akanipa kikombe, nikamaliza, akanipa kingine. Nilikula kwake kila niliposhuka, na hata pilau ilipokuwa na mawe nilikula na mawe yake. Sijui alikufa lini. Nadhani palipokuwa hoteli ni pale kwenye duka la simu, au ni lile la pili yake. Nilisimama hapo na wewe ukadhani natazama simu.

Basi tukafika kwa Mama Rehema. Fremu ya milango miwili, kibaraza cha bati, upande mmoja saluni, upande mwingine mafundi pikipiki. Uso wako uliwaka kama siku ulipoletewa sare ya shule. "Baba, hawa mafundi wanakula mchana. Wasusi wanakula jioni, na wateja wao wakisubiri wanataka chai. Hapa konani naweka mihogo ya kukaanga." Ukaingia ndani kupima ukuta kwa shubiri. Mama Rehema akaniwekea kiti barazani kwake, akaniamkia vizuri. "Karibu Baba Somoe. Mwanao kila siku Baba, Baba."

Nikamwambia, "Naomba maji ya kunywa, mama."

"Haya, baba," akasema, akaingia ndani.

Hapa soma polepole. Kuna jambo sijui kama niliwahi kukuambia, maana huwa halisemwi, mtu anaona tu wazee wanavyofanya. Kwetu ndoo ya maji ya kunywa inakaa pale pale mlangoni na kikombe juu yake. Ukiomba, mwenye nyumba ananyoosha mkono tu. Akiinuka akaingia ndani, na akakawia, maana yake hana, na ameona haya kusema. Basi wewe mgeni unainuka taratibu unaondoka kabla hajatoka, ili asije akasimama mbele yako mikono mitupu. Mkikutana siku nyingine mnasalimiana kama kawaida. Baba yangu alifanya hivyo. Mimi nimefanya hivyo miaka ya kiangazi kibaya kwenye nyumba nyingi za hapa, na watu wamefanya hivyo kwangu, nikiwa nimesimama nyuma ya mlango huu huu nasikiliza hatua zao zikienda, na nikawashukuru moyoni.

Mama Rehema alikawia. Nikasikia vitu vinasogezwa. Nikasubiri, akakawia tena. Nikamhurumia, Somoe. Nikajisemea, masikini, nyumba ina bati jekundu na maji haina. Nikavua viatu nikavishika mkononi nisisikike, nikashuka kibarazani, nikaenda zangu. Hata kupotea nilikopotea baada ya pale, mpaka kijana wa bodaboda akanirudisha stendi, sikujali. Nilikuwa nimemsitiri mtu. Nilikaa garini nikijiona muungwana.

Ukaja umefunga uso. Gari likaanza kupanda mlima ndipo uliponiuliza.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimemsitiri yule mama."

"Umemsitiri kitu gani?"

"Hana maji."

Ukanitazama mpaka nikatazama dirishani. Ukasema maji anayo, mtungi mzima. Alikuwa anatafuta bilauri ya wageni iliyoko juu ya kabati, akapanda stuli kuichukua, akaiosha, akatoka na sinia na kitambaa cheupe. Akakuta kiti. Akasimama na sinia lake akikitazama kiti. Ukasema uliyanywa wewe maji yale, kwa aibu, huku umesimama. Naye akakuambia, "Kama baba yako hataki hata maji yangu, nyumba yangu ataitaka? Mimi siweki mtu ambaye wazee wake wananidharau. Aje mtu mzima wa kwenu akae hapa, aniambie mnanionaje. Alhamisi mchana asipotokea, nampa mwenye saluni, amekuwa akiiomba muda mrefu."

Nami nikajibu nini? Nikasema, angesema anakawia. Nikasema, mtu wa adabu haweki bilauri juu ya kabati. Nikasema, fremu ziko nyingi Masasi. Ukasema, "Fremu ziko nyingi, Baba. Watu wanaonijua wako pale." Tangu hapo umekuwa unanijibu ndiyo na hapana tu. Chakula umenipa. Maji umenipa, na umeyaweka karibu kweli kweli na mkono wangu.

Nimekuwa nikiligeuza tangu siku ile. Nikisema nimekosea, naona sikukosea, nilifanya kama alivyofanya baba yangu. Nikisema sikukosea, namwona yule mama na kitambaa chake cheupe. Yeye alikawia kwa sababu ya kuniheshimu. Mimi niliondoka kwa sababu ya kumheshimu. Tumeheshimiana mpaka mtoto wangu anakosa mahali pa kuweka jiko. Nilimwuliza mama yako jana, bila kutaja jina, kwamba watu wawili wakiwa na adabu wote na bado wamegombana, kosa ni la nani. Akasema, "La yule aliyeondoka bila kuaga." Hata hakuinua kichwa kwenye ungo. Nadhani alijua ni nani.

Mjini kule niliona kila mtu anakawia, na kila mtu anakuja. Msichana wa hoteli alikawia akaja na mbaazi. Fundi sufuria alikuambia subiri, ukasubiri kidogo, akakupa sufuria linang'aa. Yule binti wa masanamu ningekaa kidogo labda angeniletea maji yake mwenyewe kwenye kikombe, sijui, sikukaa. Miaka yote hii nimejisifu kwamba naingia duka nalijua papo hapo. Labda nilikuwa naondoka mapema. Labda kuna maduka mazuri Masasi niliyapita na viatu mkononi. Hili linanisumbua kuliko jabali.

Ukishafungua, kama utafungua, weka mtungi mlangoni na kikombe, uonekane tokea barabarani. Mtu wa huku juu akishuka garini amechoka, hataki kuletewa sinia. Na yule wa mjini anayetaka bilauri, nawe panda stuli. Lakini umwambie, "Subiri, nakuja." Ni hilo tu nililoweza kulipanga katika kichwa changu chote.

Sasa sikiliza. Mjomba wako goti linamsumbua, hateremki. Najua utarudi jioni hii na jibu hilo, na utajifanya halikukuuma. Na hata angeweza kuteremka, si yeye aliyeacha kile kiti kitupu. Mchana nimemwambia mama yako aninyooshee kanzu. Akauliza ya nini, nikasema ya Ijumaa. Kesho ni Alhamisi.

Barua hii naitia ndani ya lile sufuria kubwa, utaiona ukiweka mbaazi. Ukimaliza kusoma usije kunisemesha, nitakuwa nimelala kweli. Asubuhi utanikuta garini, kiti cha dirishani, kofia yangu kichwani. Watu wakiuliza, sema Baba anasindikiza mizigo. Tukishuka stendi, tangulia wewe. Nitakuwa nyuma yako, na ukiona nasimama kutafuta jabali, nishike mkono wa kanzu kama ulivyofanya.

Tukifika nitaomba maji. Mama Rehema ataingia ndani. Wewe nenda kapime ukuta wako, usibaki kunitazama. Akisogeza vitu nitakaa. Akipanda stuli nitakaa. Akienda kuyachota bondeni, nitakaa mpaka arudi.

Ni mimi,
Baba Somoe